Kikao cha Mizigo

Jumapili, 3 Mei

Nimeshindwa tena. Kikao cha Mizigo kimefanyika baada ya chakula cha jioni, kama kila Jumapili, na mimi nimetoka wa mwisho, kama kila Jumapili.

Niandike utaratibu hapa, ili siku nikifa kwa uonevu ijulikane. Nyumba ya Shangazi ina chumba kimoja tu chenye meza na mlango unaofungika. Wanachuo tuko watatu: watoto wake wawili, na mimi, mtoto wa kaka yake. Kila Jumapili kila mmoja anaeleza mzigo wake wa masomo wa wiki inayokuja. Shangazi anasikiliza, futi yake ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, kisha anatoa hukumu. Mwenye mzigo mzito anapewa chumba. Wa katikati anaachwa kwa amani. Mwenye mzigo mwepesi anapewa stuli.

Stuli! Shangazi ni fundi cherehani, na sebule yetu ndiyo karakana yake. Hana sanamu ya kuvalisha nguo. Ana mimi. Anasema Mungu amenijalia mabega ya mwanamke wa makamo mwenye heshima zake. Tangu nianze chuo nimesimama juu ya ile stuli nimevaa magauni ya nusu ya wanawake wa mtaa huu, nachomwa pini, naambiwa nisipumue.

Leo alianza Daktari, binamu yangu. Yuko mwaka wa pili tu wa udaktari, lakini anaitwa Daktari tangu siku aliponunua lile koti jeupe. Mifupa. Misuli. Mishipa. Aliitaja polepole kwa majina yake ya kigeni huku akimtazama mama yake machoni. Shangazi akatikisa kichwa kwa huruma. Akafuata dada yake, Injinia: hesabu za daraja, michoro ya daraja, na jaribio la kuona daraja lenyewe litavunjika lini. Shangazi akasema maskini mwanangu, utakonda.

Halafu mimi. Historia. Nikasema nina insha moja, ya kukabidhi Ijumaa. Moja! Ulimi huu! Ningetia chumvi kidogo tu, nisingekuwa hapa nilipo. Nikaongeza haraka haraka kwamba asiyeikabidhi hatakanyaga chumba cha mtihani, atarudia mwaka mzima. Hakuna aliyesikia. Daktari alikuwa ameshaanza kucheka. Shangazi akauliza kwani insha si barua ndefu tu. Kisha akakumbushia sheria yake: nyumba hii haijawahi kurudia mwaka, na atakayerudia atakaa kwenye cherehani mpaka mwaka mwingine uanze.

Hukumu: Injinia chumba, Daktari amani, mimi stuli wiki nzima. Kuna harusi mtaani na magauni ni mengi.

Juu ya kabati kuna kitambaa cha kijivu. Ni cha suti yangu ya mahafali. Shangazi alikinunua siku ile nilipopata nafasi ya chuo, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa, hata mimi. Nimekitazama, nikaapa. Wiki hii nitathibitisha kwamba Historia ni kozi ngumu kuliko zote. Nikipata chumba, ndipo nitaandika insha. Mtu hawezi kuandika historia bila mlango.

Jumatatu, 4 Mei

Dawa nimeipata. Mzigo ni nini? Mzigo ni kilo! Nimekwenda maktaba ya chuo nikaazima vitabu vinene kuliko vyote kwenye rafu ya Historia. Majina sikuyaangalia. Nilikuwa nakinyanyua kimoja kimoja, kikinishinda mkono nakichukua. Mkutubi akaniuliza kama nina hakika kwamba vyote nitavisoma. Nikamwambia msomi wa kweli hachagui. Akanitazama sana.

Nimevibeba kutoka kituo cha basi mpaka nyumbani. Mgongo unalia kama bawaba.

Nikavitua mbele ya Shangazi kwa kishindo, mpaka kopo la vifungo likaanguka. Nikaacha vitabu vijieleze. Daktari akauliza nitaanza na kipi. Nikajitia hamnazo. Shangazi akavizunguka, akavibonyeza kwa kiganja, akavisifu, akasema hajapata kuona kitu kilichotulia hivi. Kwa muda kidogo niliuona mlango wazi kabisa.

Kumbe siku nyingi anatafuta kitu cha kuinulia stuli! Eti kiuno chake kimechoka kuinama akipinda mapindo. Akavipanga chini, akaipandisha stuli juu yake, akanipandisha na mimi juu ya stuli. Nimesimama hapo mpaka magharibi, kichwa kinakaribia taa, nimevaa gauni la mpambe wa bibi harusi lenye mabega yaliyofura kama maputo. Shangazi amefurahi kupita kiasi. Anasema hakujua kama Historia ina faida kubwa namna hii.

Insha: bado.

Jumanne, 5 Mei

Kosa la jana ni moja. Nilijisifu. Mtu mwenye akili hajisifu, anawaangusha wengine.

Nimeacha vipindi vyangu vyote nikaenda kuchunguza kozi za wenzangu kwa macho yangu. Asubuhi nimeingia darasa la udaktari, nikakaa nyuma. Chumba kina ubaridi mzuri. Viti vina sponji. Mhadhiri anaonyesha picha ya goti, anataja jina, wao wanaandika jina. Ndiyo kazi yao! Goti halibishani na mtu. Historia, ukisema jambo, kuna watu wamekufa zamani wanakupinga. Nikaandika: "Udaktari: kazi ya kasuku."

Mchana nikaenda karakana ya wahandisi. Nikamkuta Injinia na wenzake wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanapiga soga. Nikauliza wanafanya nini. Wanasubiri zege likauke! Nikarudia kuuliza, nisije nikamsingizia mtu. Ndiyo, wanasubiri zege. Wengine wanasubiri tangu wiki iliyopita. Nikaandika: "Uhandisi: kungoja."

Nikarudi nyumbani roho kwatu. Nikapanda stuli bila kuitwa, nikahutubia kutoka huko juu. Sikuacha kitu. Goti, sponji, ndoo, soga. Shangazi alikuwa na pini mdomoni, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akazitema pini kiganjani, akauliza swali moja: mtu mwenye mzigo mzito amepata wapi siku nzima ya kukaa madarasani kwa watu?

Nikashuka kwenye stuli.

Nimeongezewa kazi. Pamoja na stuli, sasa naokota pini zilizoanguka, kwa sumaku, nikiwa nimepiga magoti. Injinia amepita akaniambia zege limekauka.

Jumatano, 6 Mei

Nimegundua siri. Shangazi hapimi kazi. Anapima uso! Injinia ana weusi chini ya macho, basi anaonekana anabeba dunia. Daktari anapiga miayo mbele ya mama yake tu, nimemchunguza. Mimi shida yangu nalala vizuri. Nina uso wa mtu aliyetoka likizo.

Nimechukua wanja wa Injinia, nikajipaka kidogo chini ya macho, nikausugua kwa kidole. Nikajitazama kwenye kioo. Lo! Nilijionea huruma mwenyewe. Nikaingia sebuleni najiburuta, nataja miaka ya vita kwa sauti ya chini, nikashika ukuta. Shangazi akaacha cherehani. Akanishika paji la uso. Akaniita mwanangu. Akasema kesho atazungumza na Injinia kuhusu hicho chumba, maana mtoto wa kaka yake hawezi kufia mikononi mwake kwa ajili ya barua ndefu.

Nilikuwa nimeshinda. Niache hapo? Ningeacha hapo ningekuwa mtu mwingine leo.

Ila Shangazi akaomba, kabla sijapumzika, nimsimamie dakika mbili tu kwa gauni moja la rangi ya maziwa. Ni la mteja mgeni, mwenye cheo, aliyeelekezwa na rafiki wa rafiki. Kola limedariziwa kwa mkono. Wiki nzima Shangazi amelishughulikia hilo kola, hata kikombe cha chai hakiruhusiwi kulikaribia. Nikalivaa. Sebule ina joto, pasi inawaka, juu ya vitabu vile joto ni zaidi. Kijasho chembamba kikaanza. Nikalihisi tone. Nikalihisi likishuka shavuni. Mikono imebanwa na pini, nifanye nini?

Tone jeusi, kwenye kola jeupe, katikati kabisa.

Shangazi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniangalia, akalilamba dole gumba lake, akanifuta chini ya jicho, akalitazama dole gumba. Kisha akanyoosha mkono kuonyesha beseni.

Nimelifua kola lile kwa sabuni ya mche, sentimita kwa sentimita, mpaka vidole vimekunjamana. Limetakata. Injinia amefungia wanja wake.

Alhamisi, 7 Mei

Insha ni kesho na sijaandika hata jina langu. Lakini leo nimepiga hatua kubwa, kwa hiyo sina wasiwasi.

Niliwaza hivi: ninayemshawishi ni Shangazi, na Shangazi anaheshimu watu wenye vyeo. Anayejua ugumu wa Historia ni nani? Mhadhiri wetu! Huyu mama tunamwita Bi Vyanzo, kwa sababu hata ukimsalimia anakuuliza chanzo chako ni kipi. Nikaenda ofisini kwake. Nikamwambia kazi aliyotupa ni nyepesi mno. Nikamwomba aiongeze uzito, iwe ya kumtoa mtu jasho, kisha apige simu nyumbani amweleze Shangazi hivyo.

Bi Vyanzo akavua miwani. Nadhani alilengwalengwa na machozi. Akasema kwa miaka yote aliyofundisha hajawahi kupata mwanafunzi anayeomba kazi zaidi. Ya simu akaisahau. Akauliza ile insha yangu ya kwanza imefikia wapi.

Ningejibu nini? Nikasema imekwisha. Nikasema imekwisha tangu Jumanne, imebaki kuinakili kwa hati nzuri. Akafurahi. Akasema basi kesho niilete asubuhi, ataisoma kabla ya zote.

Kipindi cha mchana akatangazia darasa zima kwamba, kwa ombi la mwenzetu mwenye bidii, insha zote sasa ziwe na tanbihi kila ukurasa. Akanionyesha kwa mkono, nisimame nipigiwe makofi. Hakuna aliyepiga. Kiongozi wa darasa letu, jamaa mkubwa mwenye shingo ya fahali, akainua mkono akasema kwanza hata vitabu vyenyewe havipo, vimeazimwa vyote tangu Jumatatu na mtu asiyejulikana. Bi Vyanzo akasema huyo mtu ni katili. Mimi nikakubali kwa kichwa. Sikujua ni vitabu gani.

Nimetoka kwa mlango wa nyuma.

Ijumaa, 8 Mei

Sina nguvu ya kuandika, lakini nitaandika.

Asubuhi nilikaa na karatasi. Nikaandika kichwa. Kikawa kirefu, nikakifuta. Saa ya kukabidhi ikawa inakuja mbio. Nikaona bora nitumie akili. Nikamtumia Bi Vyanzo ujumbe wa simu kwamba nimeshikwa na homa kali, niko kitandani, hata kichwa sikiinui, na insha iliyokamilika naitazama mezani lakini siwezi kuifikia. Hapo kwenye "naitazama" nilijipongeza. Akanijibu vizuri kabisa: nipumzike, afya kwanza, leo hata yeye ana safari ya kwa fundi wake.

Nikafurahi. Kwa nini nilifurahi? Ameniandikia mwenyewe, kwa fundi wake! Mji mzima una mafundi, ningejuaje?

Mchana Shangazi akanipandisha kwa ajili ya lile gauni la rangi ya maziwa. Mwenyewe anakuja kulichukua, pindo la nyuma limalizwe haraka. Nikapanda. Nikavaa. Nikageuka kuelekea ukutani. Hodi ikabishwa mlangoni, Shangazi akasema karibu, karibu mama, tumebakiza pindo tu. Sauti ikajibu. Sauti ile naijua.

Shangazi akanizungusha kwa kiuno ili mteja aone kwa mbele.

Bi Vyanzo alinitazama kuanzia kola, akashuka taratibu. Sikupumua, na safari hii hakuna aliyeniambia nisipumue. Kisha akauliza, kwa upole, kama homa imeshuka. Nikasema imeshuka kidogo. Akaniomba nigeuke aone mgongo. Nikageuka! Ningefanya nini? Akasema mshono ni mzuri sana, kola hasa, hajaona weupe kama huo. Shangazi akashukuru.

Ndipo macho yake yakafika chini. Akainama. Akasoma mgongo wa kitabu cha kwanza, wa pili, wa tatu. Darasa zima limevitafuta vitabu hivyo wiki nzima. Vyanzo vyote vya insha, kila kimoja, viko chini ya stuli, na mimi niko juu yake nimevaa nguo yake.

Hakufoka. Alisema darasa litaongezewa muda mpaka Jumatatu asubuhi, kwa sababu vitabu vimepatikana. Na mimi Jumatatu hiyo hiyo, nilete insha mkononi mwake, hakuna ujumbe, hakuna homa, la sivyo nirudie mwaka. Akamwambia Shangazi maneno hayo hayo, polepole, ili yaingie. Shangazi aliinamisha kichwa mbele ya mteja wake. Sijapata kumwona akiinamisha kichwa. Nilitamani gauni lile linimeze.

Vitabu nimevirudisha mwenyewe, kwa miguu. Mkutubi akauliza vilikuwaje. Nikasema imara.

Jumamosi, 9 Mei

Watu wana roho nzuri, nakiri. Asubuhi Injinia ametoa michoro yake chumbani bila kuambiwa, akanikabidhi ufunguo. Amesema daraja lake linaweza kuvunjika hata sebuleni. Daktari ndiye kapanda stuli. Yeye, na koti lake jeupe! Nimemwona amevaa gauni la mama wa bibi harusi, anataja mifupa kimoyomoyo, mikono juu. Kabla sijafunga mlango akanishika bega, akaniambia ndugu yangu, andika hiyo insha.

Nimefunga mlango. Nimeufungua nikaufunga tena. Unafungika vizuri mno. Meza ni pana. Nimechonga penseli zote. Nimeisogeza meza dirishani, nikaona mwanga unaumiza macho, nikairudisha.

Nikakaa kuandika. Nikakumbuka: kesho ni Jumapili! Kesho ni Kikao! Chumba hiki nimepewa kwa huruma tu, na huruma haimalizi wiki. Nikishinda kesho kwa hoja, nitakuwa na chumba wiki nzima, na insha ngapi zitatoka humu! Basi nikaweka insha pembeni kwa muda mfupi, nikaanza kuandika mlinganisho kamili wa kozi zote. Goti na zege vimo. Jasho lina ukurasa wake. Nimefanya kazi tangu asubuhi mpaka naitwa kula, sijawahi kufanya kazi hivi maishani. Injinia amepitisha chai mlangoni kwa kunyata, akaniona nimeinamia karatasi, akaniambia hongera.

Jumapili, 10 Mei

Nimesoma mlinganisho wangu kwenye Kikao, nimesimama wima. Ni kazi nzuri. Kwenye zege hata Injinia alitabasamu. Nilipomaliza Shangazi akauliza insha iko wapi.

Nikaeleza kwamba mzigo huu wa kuandaa mlinganisho, juu ya mzigo wa insha, ndio hasa unaothibitisha mzigo wa Historia.

Akauliza tena insha iko wapi. Daktari akatazama dari. Injinia akaninong'oneza nikimbie chumbani nikaandike sasa hivi. Nikamwambia asijali, nimeshajua la kufanya.

Jumatatu, 11 Mei

Nimempa Bi Vyanzo mlinganisho, na kichwa kipya juu: Historia ya Uzito wa Kozi. Tanbihi kila ukurasa. Ameusoma amesimama mlangoni pa ofisi. Mahali fulani alicheka, nikajipa moyo. Kisha akauliza chanzo changu ni kipi. Nikasema ni mimi mwenyewe. Akasema hilo ndilo tatizo, akanirudishia karatasi. Narudia mwaka.

Nyumbani nimesema ukweli mara moja, bila kutia chumvi. Shangazi alipanda stuli yeye mwenyewe, akashusha kile kitambaa cha kijivu. Akakikunjua mbele yangu, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakikunja tena. Kisha akakirudisha juu ya kabati, nyuma kabisa, mahali pasipoonekana. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Daktari na Injinia hawakucheka, na afadhali wangecheka.

Baadaye wakaisukuma cherehani ya pili mpaka chumbani, wakaiweka juu ya meza. Shangazi akasema kuanzia kesho hapo ndipo pangu mpaka mwaka uanze upya. Sheria ni sheria. Akatoka, akanifungia mlango.

Nimekaa humu nafikiri. Na nikifikiri vizuri, mambo si mabaya hata kidogo. Meza ninayo. Mlango ninao. Halafu nani amerudia mwaka katika nyumba hii? Wa udaktari hajarudia. Wa uhandisi hajarudia. Aliyeangushwa na kozi yake ni wa Historia peke yake. Ushahidi gani mwingine wanautaka? Nimeshinda!

Limebaki jambo dogo. Kesho Shangazi atanigawia kazi: mikono, zipu, kola, au matundu ya vifungo. Matundu ya vifungo yanaonekana mepesi, lakini safari hii sikurupuki. Asubuhi, kabla sijashona chochote, nitapita kwa mafundi wote wa mtaani nichunguze kazi ipi ni nyepesi kuliko zote.